Zarathustra ya Museo Rosenbach: ununue toleo lipi?

Museo Rosenbach, kundi la vijana wa Liguria, Italia, kutoka upande wa Bordighera na Sanremo, walitoa albamu moja tu katika ujana wao: Zarathustra, mwaka 1973, kwa lebo ya Dischi Ricordi. Muda si mrefu kundi likavunjika. Albamu haikuuzika. Jalada lake jeusi lenye vipande vya picha lilikuwa na sanamu ya kichwa cha Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, na kwa kuwa mada yenyewe ilikuwa mwanafalsafa Nietzsche, watu waliwashuku kuwa ni wafashisti na redio ya taifa, RAI, ikawapa kisogo. Ndiyo maana leo nakala ya kwanza huuzwa kwa mamia ya euro, na kwa wapenzi wa roki ya progresivu (roki ya tungo ndefu na tata) ya Italia hii ni kati ya kazi nzito kabisa: Mellotron, kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye kanda, inajaa chumba kizima, na dramu za Giancarlo Golzi zinasukuma toka mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kulinganisha matoleo, elewa jambo moja la kiufundi, kwa sababu ndilo linaloamua karibu kila kitu. Upande wa kwanza wote ni utungo mmoja wa sehemu tano, karibu dakika 21. Sehemu ya mwisho, Il tempio delle clessidre, ina dakika 8 na ndiyo kilele. Kilele hicho kimeangukia karibu na lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri, mahali ambapo mzunguko wa santuri ni mfupi na sauti imebanwa katika mifereji midogo. Sindano butu ikipita hapo mara nyingi, mifereji hulika, na sauti ya Stefano Galifi pamoja na Mellotron hutoka kwa mikwaruzo, kama spika iliyopasuka. Kuosha hakusaidii: uchafu hutoka, mfereji ulioliwa haurudi.

Nafasi ya kwanza: santuri mpya ya Italia yenye leseni. Haki za katalogi ya Ricordi ziko Sony siku hizi, kwa hiyo tafuta jina hilo kwenye maandishi madogo ya nyuma, au la kampuni iliyopewa leseni nayo. Bei ya kawaida ni kama euro 20 hadi 35. Hakikisha jalada ni la kufunguka mara mbili kama la 1973. La ukurasa mmoja linapoteza nusu ya raha. Uzito wa gramu 180 usikubabaishe, hauongezi ubora wa sauti. Faida hasa ni kwamba mifereji ya kilele haijawahi kuguswa na sindano ya mtu mwingine. Ukiipata, cheza upande wa kwanza mpaka mwisho siku hiyo hiyo, na ikiwa imepinda au tundu la katikati limekaa upande, irudishe muda wa kurudisha ukiwa bado upo.

Nafasi ya pili ni CD, na kwa msikilizaji anayejali muziki kuliko kitu cha kushika, ingefaa kuwa ya kwanza. CD haina tatizo la kilele hata kidogo. Zile za Kijapani zenye jalada dogo la karatasi hunakili jalada la asili kwa uangalifu mkubwa.

Nafasi ya tatu, santuri za Kijapani za zamani. Plastiki yake ni tulivu na wenyeji waliozimiliki walizitunza. Nunua ikiwa na obi, yaani ule ukanda wa karatasi pembeni. Bila huo bei ishuke.

Nafasi ya nne, chapa ya kwanza yenyewe, namba ya katalogi Ricordi SMRL 6113. Hii ni ya mkusanyaji, na hapa ndipo pesa hupotea. Mwombe muuzaji picha hizi, na asiyetaka kuzituma mwache:

– Lebo za pande zote mbili, namba SMRL 6113 isomeke, pamoja na muhuri wa SIAE, chama cha haki za watunzi.
– Ile sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Santuri za Italia za wakati huo zilikwaruzwa namba hapo, mara nyingi na tarehe ya kukata mifereji.
– Nyuma ya jalada. Likiwa na msimbo wa mistari, si la 1973.
– Kingo na mgongo wa jalada chini ya taa iliyoinamishwa. Jalada jeusi huonyesha kila mchubuko, na wapo wanaoufunika kwa kalamu ya wino. Wino wa kalamu hung'aa tofauti na weusi uliochapwa.

Kisha omba akurekodie dakika mbili za mwisho za upande wa kwanza. Daraja la VG+, yaani "nzuri sana na zaidi" katika kupima hali ya santuri, hutolewa kwa kutazama, na mfereji ulioliwa hauonekani kwa macho. Mwambie pia atoe santuri nje ya jalada kabla ya kufunga na aweke kadibodi ngumu pande zote mbili, la sivyo safarini itapasua mshono wa jalada.

Usichanganye albamu hii na Zarathustra Live in Studio ya 2012. Ni rekodi nyingine, waliyoipiga upya wakiwa watu wazima. Ni nzuri, lakini wauzaji huiorodhesha kwa jina fupi na mnunuzi hushtuka. Rekodi za jukwaani za 1972, zilizotolewa na Mellow Records, zina sauti hafifu. Ziache ziwe za mwisho.

Nakala zisizo na leseni usiziguse. Nyingi hunakiliwa kutoka santuri, si kanda ya studio. Kwenye CD utazitambua kwa kusikiliza sehemu za taratibu kwa hedifoni: ukisikia "tik" ya vumbi, hiyo ilitoka kwenye sindano.

Ukiagiza dukani Italia ukiwa nje ya Umoja wa Ulaya, uliza kama wataondoa VAT yao ya asilimia 22 kwenye bei ya mpya. Ukiwa Afrika Mashariki, forodha hukokotoa ushuru juu ya bei pamoja na usafiri na bima, basi piga hesabu hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa.