Viatu vya majina makubwa: nimevipanga kwa soli

Malalamiko ya wasomaji safari hii yamefanana mno. Mmoja kavaa mchuchumio mpya kwenye send-off, kateleza kwenye vigae mbele ya mashemeji. Mwingine kanitumia picha: wekundu wa soli umebaki kwenye upinde wa unyayo tu, mbele kote umekwanguka, na kiatu kimevaliwa harusi moja. Wote walikagua rangi, kisigino, nembo, hadi mfuko wa kuhifadhia. Kugeuza kiatu, hakuna aliyegeuza.

Kwa hiyo leo sisemi kipi kinaendana na gauni gani, hayo mnanishinda. Nauliza moja tu: soli ikianza kulika, fundi wa mtaani ataiokoa bila kuharibu kiatu? Viatu vingi vya bei hizo vina soli nyembamba ya ngozi. Ngozi inanyonya maji, inakwanguka kwenye kokoto, na kwenye kigae kilichotoka kupigwa deki inateleza vibaya. Dawa yake ni raba nyembamba: fundi anaikwangua soli kwa msasa, anapaka gundi pande zote mbili, anaiacha ikauke kidogo, anabandika, anagonga kwa nyundo, halafu anakata kingo kwa kisu. Kiatu kinachoikubali kazi hiyo ndicho changu.

Namba moja ni Ferragamo Vara, na upendeleo sifichi. Ni kile chenye utepe uliofungwa mbele, alichokibuni Fiamma Ferragamo mwaka 1978. Kisigino kifupi na kipana, soli bapa isiyo na mbwembwe; raba ikishabandikwa hakuna wa kuitambua. Baba yake, Salvatore, alisomea maumbile ya mguu kule California, na ndiye aliyeweka kipande cha chuma chini ya upinde wa unyayo ili mwili ubebwe pale. Halafu unaweza kukipata kwa upana tofauti, si kwa namba peke yake. Wenye miguu mipana tunaelewana. Mnaosema ni kiatu cha mama wa benki, sawa. Mama wa benki hatelezi.

Namba mbili, mokasini za Gucci zenye lijamu ya chuma, muundo wa tangu 1953. Ni bapa, fundi hasumbuki. Ila ukizivaa bila soksi kwa joto la Dar, utajijua.

Hangisi ya Manolo Blahnik, kile kiatu cha satini kilichotoka 2008, naiweka ya tatu. Soli inakubali raba vizuri, tatizo ni satini yenyewe: tone moja la tope la masika na hadithi imeisha. Iwe ya ukumbini tu.

Tod's Gommino ilinipa shida kuipanga. Chini ina vidonge 133 vya mpira vinavyochomoza kwenye matundu ya ngozi, kwa hiyo kuteleza si rahisi. Lakini kilibuniwa kama kiatu cha dereva, na vidonge vikishalika hakuna pa kubandika kitu. Ukimpelekea fundi atakigeuzageuza, akurudishie.

Wa mwisho ni Louboutin, na najua mtanitukana. Wekundu ule wa soli zake, ulioanza mwaka 1993 kwa rangi ya kucha, ni rangi iliyopakwa juu ya ngozi. Mahakama ya rufaa kule New York iliukubali mwaka 2012 kuwa alama yake ya biashara. Sawa, lakini mahakama haizuii kokoto. Ukibandika raba nyeusi umefunika kile kile ulicholipia. Usipobandika, kinakwisha chenyewe. Raba nyekundu zipo, ila rangi ifanane kweli! Kwa kiatu kinachopita dola 700, hapana.

Kopi za Kariakoo: vaa, zikichoka tupa. Mtumba wa ngozi halisi unaweza kuwa mzuri, ila bonyeza soli kwa kidole kabla ya kulipa. Zile za poliuretani, aina ya plastiki, zilizokaa sana kwenye joto na unyevu humeguka zenyewe.

Sasa wauzaji wetu wa Instagram. "Bei njoo inbox" ya nini? Ukienda inbox unatajiwa bei kulingana na picha yako ya profaili. Picha ishirini za kiatu, zote za juu na ubavuni. Niliomba ya soli, dada akanijibu, "Kwani wewe unatembea chali?" kisha akanibloku. Na ile ya "mali ikishauzwa hairudishwi", kwa mzigo ambao hujaushika mkononi! Asiyetaka kukutumia video ya soli zote mbili, na namba iliyogongwa chini isomeke, usimtumie hata advansi.