Spesa za alumini za Corolla 110: gari imepanda vizuri, ila hizi stadi!

Oya wadau, karibuni tena gereji. Leo mambo ya boksi na vipimo tunayaruka, nataka uangalie kitu kimoja. Sogeza kamera. Sogeza tena. Hapo hapo.

Hii ni spesa ya shokapu ya mbele, kile kipande cha kuinulia gari, alumini, unene milimita 30, ya Corolla 110. Ina matundu matatu ya kupokea stadi, yaani bolti zilizopachikwa, za maunti, kile kikalio cha juu cha shokapu, halafu ina stadi zake yenyewe tatu zinazochomoza juu kwenda kwenye bodi, pale unapopaona ukifungua boneti. Nimeweka nukta nyeupe kwenye ncha ya kila stadi. Sasa nafunga nati kwa mkono, inaingia vizuri. Naweka racheti, soketi 14. Usiangalie mkono wangu, angalia nukta. Umeona? Imezunguka! Nati inakwenda na stadi yake. Na hapa hata nguvu sijatumia. Twende ya pili... hii imeshika. Ya tatu... hiyooo, nayo inacheza.

Geuza chini nikuonyeshe. Kichwa cha stadi kina meno madogo pembeni, yanatakiwa yaume ndani ya tundu yashike. Stadi ni chuma, spesa ni alumini, na alumini ni laini. Tundu likitobolewa kubwa kidogo tu, yale meno yanakwangua badala ya kuuma. Huu unga unaong'aa kwenye kidole changu ni alumini yenyewe imekwanguliwa. Na usifikiri shida ni kukaza tu, kukaza unaweza kubahatisha. Subiri kutu iingie kwenye nati, shokapu ife, uende kufungua. Nati haitoki, stadi inazunguka humo ndani, kichwa chake kimefunikwa na maunti, hukifikii kwa spana wala kwa koleo. Hapo dawa ni grenda, tena ndani ya boneti. Kwa jozi ya mbele nimetoa shilingi 85,000, halafu nije niwashe grenda kwenye injini yangu mwenyewe? Haiwezekani.

Kuna mtu hapa gereji, simtaji, akasema tupige weldi. Weldi gani, baba? Chuma na alumini havishikani kwa weldi yetu ya kawaida. Tulichofanya, tumezing'oa stadi zote, tukanunua bolti zenye alama 10.9 kichwani, tukaenda kwa jamaa mwenye mashine ya kuchonga. Kwa chini akachonga kijishimo cha kukalia kichwa cha bolti, upande mmoja ukuta umenyooka. Kichwa kikishakaa humo hakina pa kuzungukia. Ona sasa, nukta imetulia tuli, nati inalia "tik" imekaza. Hivi ndivyo ilipaswa kutoka kiwandani.

Najua komenti zenu: "Kaka, si ungeweka raba tu, elfu ishirini biashara imeisha?" Zile raba za kupachika katikati ya springi, ndiyo, gari inanyanyuka, sikatai. Ila ukipachika raba umezifunga zile duara zisifanye kazi, springi iliyobaki ni fupi na ngumu. Ndiyo maana wenye raba wakipita kwenye rasta za barabarani meno yanagongana. Mzigo wote unakwenda kwenye duara chache, na springi yenyewe imeshazeeka, siku moja inakatika. Spesa hii inakaa juu ya maunti. Springi haijaguswa, shokapu haijaguswa, ulaini ni ule ule uliokuja nao. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanza kupungua, nikiri, maana wazo la bidhaa hii ni zuri kabisa.

Kufunga sitakuchosha. Tairi toa, linki ya stebilaiza fungua pande zote mbili, bolti mbili kubwa za kwenye nako, kile chuma kinachobeba tairi, nati tatu za juu, shokapu inashuka nzima. Nzima! Ile nati ya katikati usiiguse hata kwa kuambiwa na baba mkwe. Springi imebanwa pale, ikifyatuka inaondoka na uso wa mtu. Raha ya spesa ya juu ni kwamba springi huifungui.

Sasa msinikimbie, maana mafundi wengi hiki hawakifanyi. Gari bado iko juu ya stendi, shokapu zimerudi, tairi zinaning'inia. Shika usukani, kata kulia mpaka mwisho. Ona hosi ya breki. Imefungwa kwenye shokapu kwa kile kibati, na shokapu sasa imeshuka milimita 30, kwa hiyo hosi nayo imevutwa. Hapa bado ina mkunjo, inapumua. Kata kushoto mpaka mwisho. Imepungua mkunjo lakini haijanyooka. Ingenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, ningekwambia toa spesa sasa hivi. Angalia na raba za draivu shafti, zile mikunjo zisisuguane, maana pembe ya shafti imeongezeka. Kwa milimita 30 inakubali. Wale wa milimita 50 na kupanda, kwa gari hii, mtazoeana na muuza draivu shafti.

Kingine: bolti za bushi, yale mapira ya amu za chini, ile mikono inayoshika tairi kwa chini, zilegeze, shusha gari chini, itikise, ndipo ukaze ikiwa imesimama kwa miguu yake. Ukiiacha ilivyokuwa, bushi inakaa imejipinda muda wote, inachanika mapema, halafu unasema spesa mbaya.

Haya, matokeo. Mimi napima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, sipimi kutoka chini, maana upepo wa tairi unadanganya. Imepanda senti 3 na kidogo. Kile kidogo kinatokana na shokapu kulala kuelekea ndani kwa juu, haisimami wima. Wa Mark II, GX 100 na 110, msinunue unene huu kwa kunifuata mimi. Gari zenu mbele ni amu mbili, shokapu imekanyaga katikati ya amu ya chini, kwa hiyo spesa ya milimita 30 inainua gari zaidi ya hizo 30. Anzeni na nyembamba.

Na kama unataka senti 2 tu, wala usifungue shokapu. Toa tairi za 175/70R13, weka rimu 14 na tairi za 185/70. Kipenyo cha tairi kinakua karibu milimita 39, nusu yake ndiyo inayokunyanyua. Ila spidi mita itakuongopea: ikisoma 80 wewe uko kwenye 85. Wale trafiki wa tochi za kupima mwendo hawasikilizi hadithi ya tairi.

Barabarani? Jamani. Hii ni ya namba B, gari ya siku nyingi, springi zimechoka, mbele ilikuwa imelala. Hizi njia zetu za ndani Goba, hapa Dar, ule mgongo wa katikati ulikuwa unaisalimia sampo, ile bakuli ya oili chini ya injini, kila jioni. Sasa napita. Kwenye kona haijabadilika sana, inalala kidogo zaidi, kwa mwendo wangu sioni tatizo. Wili alaimenti ni lazima, siku hiyo hiyo. Gari ikipanda, amu inavuta tairi kwa chini liingie ndani, kwa juu linatoka nje, na ukichelewa tairi linaliwa upande wa nje. Taa pia zishushe, maana pua imepanda, unawachoma wenzako macho.

Kabla sijasahau, video sasa zitatoka Jumamosi, Jumatano imenishinda. Na yule muuzaji aliyetaka nimsifie raba zake kwa malipo, jibu ni lile lile: sitaki.

Bei: 85,000 za spesa, juu yake bolti, mashine ya kuchonga, alaimenti. Ukijumlisha unakaribia springi mpya za mbele, na kama springi zako zimekufa kabisa, nunua springi kwanza, spesa baadaye. Zangu zina uhai. Kwa hiyo ndiyo, nazibakiza. Ila ukienda dukani beba nati na soketi 14, mwambie muuzaji akushikie spesa, kaza mbele yake. Stadi ikizunguka, mrudishie.

Za nyuma ninazo, za milimita 20, stadi bado sijazijaribu. Jumamosi tunazijaribu hapa hapa mezani, na nukta nyeupe zetu.