Vizibo vya masikio vyenye kichujio: vinapofaa na visipofaa

Nina mlio masikioni, mwembamba kama wa nyenje, na sikio la kushoto ndilo linalosumbua zaidi. Siku nyingi hutulia. Ukipanda, na kwangu hupandishwa na kelele kubwa, kukosa usingizi au mawazo, hukaa juu siku kadhaa. Mimi ni seremala wa Keko, Dar es Salaam, kwa hiyo kelele siwezi kuzikimbia, ni kujikinga tu.

Kwenye mashine ya kuranda na msumeno wa umeme bado naamini vizibo vya sponji, vile vya shilingi 1,000 kwenye maduka ya vifaa. Ila vyataka kuvaliwa sawasawa. Unakisokota kiwe chembamba, unapitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, unakiingiza, kisha unakishikilia kwa kidole mpaka kivimbe. Mafundi wengi wanakichomeka mlangoni mwa sikio halafu wanasema hakifanyi kazi. Kikikaa nusu hakizuii kitu cha maana.

Tatizo la sponji ni maneno. Inameza zaidi sauti nyembamba, na herufi kama s, f na t ziko huko huko, hivyo mtu akikusemesha unasikia mvumo tu. Ndiyo sababu nikanunua vizibo vya silikoni vyenye kichujio, kama shilingi 60,000. Ni ghali, sibishi. Vyenyewe hupunguza sauti nzito na nyembamba karibu kwa kiasi kimoja, kwa hiyo unasikia kila kitu, ila kwa chini.

Faida yake nimeiona ukumbini. Taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Sasa fikiria sendofu ya Dar, spika zimepangwa ukutani na MC hashushi sauti tangu saa mbili usiku! Zamani nilikuwa natoka nje kila baada ya muda, watu wanadhani nina ugomvi na wenye shughuli. Sasa nakaa mezani mpaka keki inakatwa, na mama watoto akiniongelesha namjibu. Hilo peke yake kwangu limelipa ile bei. Kwenye daladala pia navivaa, na bado namsikia konda akitaja kituo.

Kasoro zipo. Sauti yako mwenyewe inavuma ndani ya kichwa, na kutafuna kunasikika vibaya. Wakati wa pilau navitoa. Ni vidogo, vinapotea kirahisi. Vioshwe kwa maji na sabuni, vikauke, la sivyo unarudisha uchafu sikioni. Na kwa randa ya umeme havitoshi, msijaribu.

Jambo ninalotaka wenye mlio walishike: msivivae penye utulivu. Usiku, sauti za nje zikizibwa, mlio unajaa kichwa kizima. Mimi nawasha feni, au sauti ya mvua kwenye simu, chini kidogo ya mlio wenyewe, na usingizi unakuja. Daktari wa masikio alinikataza pia kushinda navyo mchana kutwa, maana masikio yakizoea ukimya huanza kuumizwa hata na vijiko vikigongana jikoni.

Na kama sikio moja limepoteza usikivu ghafla, au mlio unadunda sambamba na mapigo ya moyo, usinunue kizibo chochote. Nenda hospitali. Hilo la usikivu kupotea ghafla ni la siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa yake ikichelewa uwezekano wa sikio kurudi unapungua.