Bati geji 30 au geji 28: lipi litastahimili upepo?
Geji ni kipimo cha unene wa bati, na namba zisikuchanganye: geji 28 ndiyo nene, kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3. Mawimbi ya mabati yote mawili ni yaleyale, na ndiyo yanayolikaza bati. Bati bapa la unene huohuo hupepea kama karatasi.

Tofauti huonekana kwenye msumari. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, hasa ukingoni na kwenye kona. Geji 30 huanza kuchanika kuzunguka kichwa cha msumari, tundu likipanuka kila bati linapotikisika, hadi kichwa kinapenya. Geji 28 huchelewa sana kufika hapo, nami ningeichagua.

Pesa zikibana, chukua 30, ila sogeza papi (mbao zinazopigiliwa bati) zikaribiane na uongeze misumari ukingoni.