TAHADHARI: Muuza betri anayechomoa tamino (kishikio cha waya wa betri) injini ikiunguruma

Jamani, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Siku tatu nimeona haya kuliweka jambo hili hapa, lakini jana nimesikia mwingine ameliwa vilevile, na duka ni lilelile.

Gari mnalijua, ile Mercedes 240D ya dizeli ya marehemu mzee. Kila likilala, asubuhi stata inalia tik-tik tu, injini haigeuki. Jumanne vijana wa mtaani wakanisukuma likawaka, nikaenda nalo hadi Kampala mjini kwenye safu ya maduka ya betri. Jina la duka silitaji hapa, nimekatazwa mpaka niandikishe kesi.

Nilimwamini kwa nini? Kwanza alinipokea kwa Kiswahili safi, na mnajua Kiganda changu kilivyo, madukani napandishiwa bei kila siku. Akamtuma kijana aniletee kiti. Kusikia mke wangu ni wa Masaka, akaniita shemeji. Halafu hakukimbilia kuuza. Alisema, "Shemeji, tupime kwanza, nisikulie pesa bure." Mtu akisema hivyo utamshuku vipi?

Akaniambia nisizime injini. Akachukua spana, akalegeza tamino ya hasi, akainyanyua juu kabisa, waya umening'inia mkononi mwake. Injini haikutikisika. Akanitazama, akasema, "Umeona? Gari linaishi kwa altaneta. Altaneta nzima. Maiti hapa ni betri." Altaneta ndiyo mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Nikatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo aliponimaliza, na nikikumbuka kile kichwa nilichotikisa usingizi unaniruka.

Nikatoa 450,000. Betri yangu ya zamani nikamwachia anipunguzie 50,000. Risiti akaandika waranti miezi 12, akagonga muhuri.

Ijumaa usiku tukaenda msibani Masaka, mimi, mke wangu na mtoto. Tulipopita Kayabwe taa za mbele zikaanza kuwa njano. Tulipokaribia Lukaya zilikuwa kama mshumaa, na malori yanatoka mbele yetu moja baada ya jingine. Injini inakwenda vizuri, taa hakuna. Mke wangu alishika mkono wa mtoto bila kusema neno. Nikasimama kando ya wachoma kuku, nikazima, basi, haliwaki tena. Tulilala mle ndani.

Asubuhi tukasukumwa likawaka, tukaenda nalo hadi kwa fundi umeme wa Masaka, mzee mmoja mpole. Akaweka mita kwenye betri: injini imezimwa, volti 11.8. Ikiunguruma, 11.7. Akasema altaneta ikichaji ungeona 13.8 mpaka 14.4. Akafungua skrubu mbili nyuma ya altaneta, akachomoa regyuleta, kile kidhibiti cha umeme wake, na katika zile kaboni zake zinazopitisha umeme, moja imebaki kama punje ya mchele. Regyuleta nyingine pamoja na kaboni zake, 60,000. Ndiyo ugonjwa wote!

Nikamweleza ile habari ya tamino, akasikitika sana. Dizeli ya zamani kama hii, akasema, ikishawaka haihitaji umeme. Pampu inazungushwa na injini yenyewe, dizeli inawaka kwa mgandamizo, hata kuizima ni kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa, si umeme. Ng'oa betri, ng'oa na altaneta, itaunguruma tu. Kwa hiyo kipimo kile hakipimi kitu, na kwenye altaneta nzima kinaweza kuunguza dayodi, vile vipande vya umeme vilivyo ndani yake. Mtu anayeuza betri kila siku hajui hilo? Anajua!

Na betri yenyewe si mpya. Tuliichaji usiku kucha, haidromita, kile kipimo cha maji ya betri, ikaonyesha vyumba vitano 1.26, cha sita 1.12, yaani kimekufa. Vile vichwa vyake viwili vinapofungwa tamino vimepigwa msasa ving'ae, lakini chini kabisa alama za spana zimebaki, na chini ya stika kuna stika nyingine. Yangu niliyomwachia ilikuwa nzima, ina njaa tu ya kuchajiwa. Leo naamini imeshauzwa kwa mtu mwingine kama mpya.

Tena, taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi: ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata lazima iwake, kisha izime injini ikishika. Yangu haikuwaka wiki nzima, mimi nikadhani ni dalili nzuri. Na pesa alinitumisha kwa simu, jina lililotokea si lake wala la duka.

Mtu huyu afungwe. Si faini, afungwe, na duka lipigwe kufuli, maana ametia familia yangu gizani kwenye barabara ya malori. Jumatatu naenda polisi na betri yake mkononi. Mwenye risiti yenye muhuri wa bluu usio na jina la duka, anitafute kabla ya hapo twende pamoja.