Hosteli za YHA kwa Anayesafiri Peke Yake England na Wales

Anayepanga kuzunguka Uingereza peke yake huanza kwa kuhesabu nauli za treni, ilhali jambo linaloamua gharama na usalama wake kwa pamoja ni mahali atakapolala. Hoteli nyingi hutoza chumba badala ya kutoza mtu, kwa hiyo msafiri asiye na mwenzake hulipia na nafasi ya mtu ambaye hayupo. Chumba cha kupanga katika nyumba ya mtu binafsi kinaweza kuwa nafuu zaidi, lakini mgeni hujikuta mlangoni kwa mtu asiyemjua, na wakati mwingine hakutani na mwenyeji kabisa, bali hupewa namba za kufungulia kisanduku cha ufunguo. Ipo njia ya tatu, nayo ni hosteli za shirika la YHA (Youth Hostels Association), ambazo nimezitumia kwa muda wa kutosha kuweza kuzitolea maoni. Ninazipima kwa kipimo kimoja tu: zinamfaa kiasi gani mtu anayefika peke yake, hasa mwanamke, mwenye begi mgongoni na asiye na mtu wa kumpokea kituoni.

YHA ni shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1930, na hosteli yake ya kwanza, Pennant Hall, ilifunguliwa karibu na Llanrwst, kaskazini mwa Wales, wakati wa Krismasi ya mwaka huohuo. Rais wake wa kwanza alikuwa mwanahistoria G. M. Trevelyan. Nia ya waanzilishi ilikuwa kuwawezesha watu wa kipato kidogo, hasa vijana wa miji ya viwanda, kutembea mashambani na milimani bila kushindwa na bei ya malazi. Leo hakuna ukomo wa umri, na mezani wakati wa kifungua kinywa utawakuta wastaafu wenye fimbo za kutembelea wakiketi pamoja na wanafunzi wa vyuo. Historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini hosteli nyingi ziko mabondeni na chini ya milima, mbali na barabara kuu, na kwa nini nyingi zina chumba cha kukaushia nguo na viatu, huduma ambayo mtu hawezi kuielewa thamani yake mpaka anyeshewe mvua ya Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa England, kutwa nzima.

Aliyesoma shule ya bweni hatahitaji kufundishwa maisha ya chumba cha pamoja: vitanda vya ghorofa, taa inayozimwa kwa makubaliano, na mmoja anayekoroma. Kwa kawaida mabweni ya wanawake na ya wanaume hutengwa, na anayeweka nafasi huonyeshwa aina ya chumba kabla ya kulipa. Shuka, mto na mfarishi vimo katika bei, lakini taulo ni la mgeni mwenyewe. Ninashauri pia kubeba kufuli dogo, kwa sababu hosteli hazifanani kwa makabati ya kuhifadhia mali. Pasipoti, kadi ya benki na simu visiachwe kitandani hata kwa dakika ya kwenda bafuni, na ni heri kuviweka katika kifuko kimoja kinachovaliwa, kuliko kuvitawanya katika mifuko mingi ambayo mtu atalazimika kuikumbuka yote. Asiyeweza kulala na wageni anaweza kuchukua chumba cha faragha, ila hapo tunarudi kwenye tatizo la mwanzo, kwa kuwa chumba hicho huuzwa kizima, hata kama kina vitanda vinne na aliyemo ni mmoja.

Ninachokithamini kuliko vyote ni mapokezi yenye mtu. Mfanyakazi anayekuandikisha anajua kwamba upo, anajua basi la mwisho linapita saa ngapi, na mahali pengi atakuonyesha kwenye ramani njia iliyo salama na ile iliyobebwa na mafuriko. Tatizo ni kwamba mtu huyo hayupo saa zote. Hosteli nyingi za mashambani hufunga mapokezi mchana na kuanza kupokea wageni jioni, kisha hufunga tena usiku. Kwa hiyo safari ya peke yake kwenda hosteli hizi inapaswa kupangwa kuanzia mwisho wake: kwanza mtu ajue saa za mapokezi, kisha saa ya jua kuzama, ndipo achague treni. Mwezi Juni mwanga hubaki Lake District hadi karibu saa nne usiku, na anayechelewa hapati shida. Mwishoni mwa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na treni ileile iliyokuwa ya mchana mweupe wakati wa kiangazi humshusha abiria gizani.

Mifano inaonyesha tofauti hiyo vizuri. YHA London St Pancras iko Euston Road, ng'ambo ya barabara kutoka Maktaba ya Uingereza, hatua chache kutoka vituo vya King's Cross na St Pancras, katika barabara isiyolala. Ni hosteli ninayoipendekeza bila kusita kwa usiku wa kwanza wa mtu aliyeshuka kwenye ndege ya jioni. YHA York ni nzuri kwa namna nyingine, lakini inataka tahadhari. Iko Clifton, karibu na mto Ouse, na njia inayovutia zaidi kutoka kituo cha treni hufuata ukingo wa mto. Mchana njia hiyo ni burudani. Usiku ni ya giza na upweke, na Ouse ni mto unaojulikana kwa kufurika. Baada ya magharibi ninashauri kupita Bootham, barabara yenye nyumba, taa na mabasi, hata kama ramani ya simu inasisitiza kando ya mto. Programu za ramani huhesabu umbali na muda. Haziulizi kama njia ina taa.

YHA Edale, katika hifadhi ya taifa ya Peak District, ndiyo inayodhihirisha zaidi uzuri na ugumu wa hosteli hizi. Kijiji cha Edale kiko kwenye reli kati ya Sheffield na Manchester, na kutoka hapo huanza njia ya Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965, yenye urefu wa maili 268 hadi Kirk Yetholm nchini Scotland. Juu ya kijiji umesimama uwanda wa Kinder Scout, ambako mwaka 1932 watembea kwa miguu walivamia ardhi ya matajiri kudai haki ya kupita. Msafiri anaweza kufika huko kwa treni tu, bila gari, jambo ambalo si la kawaida kwa maeneo ya milima ya Uingereza. Hata hivyo, hosteli haipo kituoni. Ni mwendo wa miguu usiopungua nusu saa kwa mwenye mzigo, katika barabara ya shamba, na Edale si mahali pa kutegemea kukuta teksi imeegeshwa ikingoja abiria. Anayefika pale jioni ya Novemba awe na tochi ya kichwani na betri ya simu iliyojaa, au aagize gari kabla ya kuondoka mjini.

Kuhusu teksi, mgeni ajue kwamba England gari la kukodi la kawaida ni lazima liagizwe kabla kupitia kampuni au programu yenye leseni. Ni teksi rasmi tu zinazoruhusiwa kusimamishwa njiani au kuchukuliwa kwenye egesho lao. Dereva anayekujia nje ya kituo akikuuliza unakwenda wapi anavunja sheria, na anayepanda gari hilo hupanda gari ambalo hakuna kampuni iliyoandika safari yake. Ndani ya treni na vituoni, Polisi wa Usafiri wa Uingereza hupokea ujumbe mfupi kwa namba 61016, jambo linalofaa sana kwa anayesumbuliwa na abiria mwenzake na hataki kusikika akipiga simu. Kwa hatari ya mara moja namba ni 999.

Mlimani namba ni hiyohiyo, ila mpiga simu huomba polisi kwanza, kisha kikosi cha uokoaji milimani. Waokoaji hawa ni watu wa kujitolea na hawamtozi mtu fedha. Mabonde mengi hayana mtandao wa uhakika, na hapo mapokezi ya hosteli huwa ya lazima: kabla ya kutoka, mwache mfanyakazi na karatasi yenye njia utakayopita na saa unayotarajia kurudi, nawe ukirudi umjulishe, asije akawasumbua waokoaji kwa ajili ya mtu aliyeketi jikoni akinywa chai. Kwa upande wa simu, ni vyema kuiandikisha kwa huduma ya dharura ya ujumbe mfupi kwa kutuma neno «register» kwenda 999, kwa sababu ujumbe unaweza kupenya mahali ambapo sauti haipiti. Ishara ya kimataifa ya milimani ni filimbi sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja. YHA Snowdon Pen-y-Pass iko mwanzoni kabisa mwa njia za kupandia mlima Yr Wyddfa (Snowdon kwa Kiingereza), wenye urefu wa mita 1,085, na urahisi huo unaweza kumshawishi mtu kupita kiasi. Njia ya Miners inamfaa mpandaji wa kawaida siku ya hali njema ya hewa. Ukingo mwembamba wa Crib Goch, katika mlima huohuo, haumfai asiye na uzoefu, na aliye peke yake haumfai zaidi.

Jiko la pamoja linastahili sifa. Mwislamu anayetafuta chakula halali hatakuwa na uchaguzi mpana vijijini, na mkahawa wa hosteli si mahali pa kutarajia zaidi ya vyakula vya kawaida vya nchi ile. Jikoni mtu hupika mchele na maharage yake, hula anachokijua, na mara nyingi huondoka na rafiki aliyeuliza ni viungo gani vinavyonukia hivyo. Unga wa ugali nunua mjini kabla ya kupanda treni; katika mji mdogo kama Ambleside, Lake District, hutaupata.

Kasoro ninazoziona si za usafi wala za tabia ya wafanyakazi. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya hosteli hukodishwa nzima kwa kundi moja, hasa wikendi na majira ya baridi, na msafiri wa peke yake hukuta tarehe zake zimefungwa bila mbadala wa karibu. Ya pili ni vikundi vya shule, ambavyo hujaza korido kwa kelele. Ya tatu ni kubwa zaidi: mwaka 2023 shirika lilitangaza kuuza hosteli 20, na kwa sababu hiyo vitabu vya zamani vya safari vinataja nyumba ambazo huenda hazina tena kitanda cha mpita njia. Aliyekuwa akipanga kutembea kutoka hosteli moja hadi nyingine kwa siku kadhaa ahakikishe kila usiku umepata nafasi kabla ya kununua tiketi ya treni, hasa tiketi ya bei ya mapema, ambayo hufungwa kwenye treni moja maalumu na hairudishiwi fedha.

Kwa upande wa nauli, kadi ya punguzo ya reli hupunguza theluthi moja, na tangu Machi 2025 huuzwa kwa pauni 35 kwa mwaka. Wenye umri wa miaka 16 hadi 30 na wale wa 60 na zaidi wana kadi zao. Ipo nyingine ya watu wawili wanaosafiri pamoja, ambayo kwetu sisi wa peke yetu ni ya kutazamwa tu. Anayetoka Tanzania au Kenya kwa viza ya mgeni asilipie malazi yasiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka. Chaja yake, walau, haitahitaji adapta, kwa kuwa soketi za Uingereza ni zilezile za pini tatu tulizozizoea nyumbani.

Hukumu yangu ni kwamba kwa mtu anayefika kabla ya giza na anayevumilia bweni, YHA ni chaguo bora kuliko hoteli ya bei nafuu iliyo pembeni mwa mji. Anayeanza, alale London St Pancras, kisha York au Ambleside, ambako basi la kutoka kituo cha Windermere hupita karibu na hosteli iliyo ukingoni mwa ziwa. Edale na Pen-y-Pass zifuate akishazoea. Black Sail, nyumba ya zamani ya wachungaji iliyoko bonde la Ennerdale ambako mgeni hafiki kwa gari, aiweke mwisho, na aiendee katika siku ndefu za kiangazi. Wanaoelekea Scotland watafute shirika jingine, Hostelling Scotland, lenye hosteli zake na utaratibu wake wa kuweka nafasi.