Baiskeli ya resi ya mtumba mtandaoni: pima urefu wa fremu kabla ya kutuma hela

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji walionunua baiskeli za resi mtandaoni yanafanana sana. Vidole vinakufa ganzi kabla ya kilomita 20. Shingo inauma usiku kucha. Mtu anajikuta amekalia ncha ya tandiko, mikono imenyooka tuli, na kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi mabegani. Wa mwisho kuniandikia yuko Nakuru. Alimtumia muuzaji wa Nairobi shilingi 45,000, baiskeli ikaja na basi kesho yake, inang'aa, gia zinaingia vizuri, cheni mpya. Ila yeye ana urefu wa sentimita 168 na fremu ni ya sentimita 56. Tangazo lilisema "saizi 28".

Saizi 28 ni tairi! Na hata kwa tairi haikuambii kitu. Black Mamba ya kubebea mizigo inaitwa 28, na rimu yake ni milimita 635. Resi ya kisasa inaitwa 28 pia, lakini rimu yake ni 622, na tairi za hizi mbili haziingiliani kamwe. Namba ya kuaminika ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 25-622. Mwambie muuzaji aipige picha.

Sasa tuje kwenye fremu, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Miongozo mingi itakuambia uangalie gia, uzito, breki. Hivyo vyote fundi anavibadilisha. Tandiko linabadilishwa, pedali, magurudumu, kaseti (zile duara za meno za nyuma), hata usukani. Suruali ya mtumba ikiwa ndefu fundi hukunja pindo, fremu haikunjwi. Na urefu unaoumiza watu si ule wa kwenda juu. Tandiko utalishusha au kulipandisha dakika mbili tu. Kinachoumiza ni umbali wa kwenda mbele, kutoka kwenye tandiko hadi usukani. Muuzaji hautaji, mnunuzi hauulizi, na fremu za siku hizi zinauficha: bomba la juu limeinama kuelekea nyuma, kwa hiyo ukisimama juu ya baiskeli unaona nafasi ya kutosha na kudhani imekutosha. Ukianza kukanyaga ndipo unagundua umelala kifudifudi.

Habari njema ni kwamba unaweza kuupima kwenye simu yako kabla hujatoa senti. Omba picha iliyopigwa kutoka ubavuni kabisa, mpigaji amesimama mbali kidogo, simu ikiwa usawa wa kranki (pale mikono ya pedali inapozungukia), baiskeli nzima ionekane. Gurudumu la resi lenye tairi ya 25 lina kipenyo cha karibu sentimita 67, toka ukingo hadi ukingo. Hiyo ndiyo rula yako. Pima gurudumu kwenye skrini. Kisha anzia kileleni mwa bomba la kichwa, lile fupi la mbele linalobeba usukani, pale katikati, uchore mstari mlalo kurudi nyuma hadi kwenye nguzo ya tandiko, na uupime. Usifuate mteremko wa bomba, fuata mlalo. Tuseme gurudumu ni milimita 60 kwenye skrini na mstari ni 49: gawanya 49 kwa 60, zidisha kwa 67, unapata 54.7. Kosa la nusu sentimita hivi litakuwepo, lakini hutauziwa 58 ukidhani ni 54.

Ipi inakufaa? Kwa makadirio, mwenye urefu wa sentimita 160 hadi 165 atafute mstari huo uwe sentimita 51 au 52. Wa 166 hadi 172 atafute 53 au 54. Wa 173 hadi 179, kati ya 54.5 na 56. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua fupi. Kuhusu tandiko, simama ukutani bila viatu, bana kitabu katikati ya mapaja, pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu, kisha zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo umbali kutoka katikati ya kranki hadi juu ya tandiko.

Wauzaji watakuambia, "Dada, hiyo ni kubadilisha shingo ya usukani tu," yaani kile kipande kinachounganisha usukani na fremu. Ukitoka shingo ya milimita 110 kwenda 90 ni sawa, umeokoa sentimita mbili. Lakini fremu iliyokupita sentimita nne au tano haiokolewi hivyo. Ukiweka shingo fupi mno, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inayumba, na sitaki msomaji wangu ayumbe akiteremka Mai Mahiu huku lori likiwa nyuma yake. Wengine wanasukuma tandiko mbele. Magoti yao yanalipa.

Vipuri nitavipitia haraka. Hesabu duara za meno za nyuma: duara 7 mara nyingi ni friwili, inayofungwa kwa nyuzi kama skrubu, na ekseli yake hupinda na kukatika kwa sababu gololi za upande wa cheni zimekaa ndani mno. Duara 8 au zaidi kwa kawaida ni kaseti, na ndiyo unayotaka. Kwa gia za kampuni ya Shimano, ngazi kutoka chini ni Claris yenye duara 8, Sora 9, Tiagra 10, na ile inayoitwa 105, ambayo kwa mitumba mingi ni duara 10 au 11. Kwa bajeti ya kawaida Claris na Sora zinatosha kabisa, na cheni zake ni za bei rahisi. Mwambie muuzaji alaze rula juu ya cheni: pingili 12 kamili, kila moja ikiwa kipande cha nje na cha ndani pamoja, ziwe inchi 12. Zikifika inchi 12 na moja ya nane, kaseti nayo imekwisha. Omba pia video akishusha na kupandisha nguzo ya tandiko, kwa sababu nguzo ya alumini huganda ndani ya fremu na kuitoa ni vita. Kaboni ya mtumba kwa picha, usinunue. Ufa hauonekani.

Haya, chaguo zangu.

Ya kwanza ni Giant Defy ya alumini, na sina haja ya kuficha mapenzi yangu. Giant ni kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa mwaka 1972, na ndiyo iliyoeneza fremu za bomba lililoinama miaka ya 1990, kazi ya mchoraji Mwingereza Mike Burrows. Defy ilichorwa kwa safari ndefu: bomba la kichwa refu, umbali wa mbele mfupi. Mgongo unakaa vizuri bila kubadilisha chochote. Jambo la pili, Giant wanachapisha vipimo vyote vya kila modeli, kwa hiyo ukijua modeli, mwaka na herufi ya saizi, humhitaji muuzaji. Ukikuta Contend, ni ileile familia. Ndiyo iliyorithi nafasi ya Defy za alumini. Kwa shilingi 40,000 hadi 60,000, yenye Sora au Tiagra, chukua.

Ya pili ni Triban za Decathlon ya Ufaransa, hasa RC500 yenye Sora. Nazo zinakalisha mtu wima, na zinapokea tairi nene kuliko resi nyingi, jambo ambalo barabara zetu zinalidai. Zikizidiwa na Defy ni kwa uzito tu.

Ya tatu ni Specialized Allez na Trek za mfululizo wa 1. Fremu nzuri, ila bei inabeba jina, na baadhi ya Allez za zamani ni ndefu mbele. Pima.

Ya nne ni chuma za zamani: Raleigh, Peugeot na ndugu zao. Zinadumu na nyingine ni nzuri mno. Lakini kuna rimu za inchi 27, ambazo ni milimita 630, na tairi zake utazitafuta mpaka uchoke. Peugeot nyingi za zamani zina nyuzi za skrubu za Kifaransa pale kranki inapofungwa, na vipuri vya kawaida haviingii.

Resi mpya za bei ya chini kabisa, zenye breki za diski za kung'aa na jina usilolijua: mara nyingi zina friwili, na nyingi huja saizi moja kwa watu wote. Sizipendekezi.

Na hawa wauzaji wa "bei njoo inboksi", nimewachoka. Kwa nini bei iwe siri? Ukienda inboksi unaulizwa kwanza uko wapi na unafanya kazi gani, halafu ndipo bei inazaliwa. Wakati wa korona baiskeli ziliadimika dunia nzima, bei ikapanda, tukaelewa. Korona imepita, bei ya korona imebaki. Unalipishwa elfu hamsini na mtu ambaye hawezi kuchukua futi ya mshonaji apime bomba moja. Na mizigo inayotoka Ulaya imejaa 56 na 58, fremu za watu warefu, ndiyo maana wanawake na wanaume wafupi ndio wanaoniandikia zaidi. Wanauziwa kilichopo, wanaambiwa watazoea.

Mkiwa mbali na Nairobi, msitume pesa yote. Tafuteni fundi aliye karibu na muuzaji, mlipe elfu moja aende na futi, apime, atikise kranki, apige picha ya namba ya fremu chini yake, kisha ndipo baiskeli ipakiwe kwenye basi. Muuzaji akikataa fundi asije, muacheni na baiskeli yake.